Kabla kamba haijafungwa: namna ya kudai na kudaiwa pesa ya kuvutwa ziwani

Nina mitumbwi mitatu hapa Igombe, Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, miwili ya dagaa na mmoja wa sangara. Mwaloni, yaani pale ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, wananiita Mama Kulwa. Mimi mwenyewe ziwani siendi, lakini hasara ya kule inamalizikia kwenye pochi yangu, kwa hiyo habari za mashine kuzima na mtumbwi kuvutwa nimezijua kwa kulipa. Nimedaiwa nikiwa nimekaa kwenye kichanja cha dagaa, mdeni wa kitu ambacho hata sikukiona. Na nimewahi kuwa upande wa pili, vijana wangu ndio wamevuta na mimi ndiye natakiwa kudai. Haya ninayoandika ni kwa matajiri wenzangu wa mitumbwi, na kwa manahodha, maana wao ndio wanaotamka bei kule nje sisi tukiwa tumelala.

Usiku ulionifundisha ulikuwa hivi. Ilikuwa kipindi cha giza, hakuna mbalamwezi, dagaa wanatoka vizuri. Mtumbwi wangu ulizima mashine nje ya kisiwa cha Bezi, kama saa tatu usiku. Plagi zote zilikuwa nzima, tatizo lilikuwa ndani zaidi. Nahodha wangu akashusha nanga, ikashika. Maji hayakuwa yanaingia, upepo ulikuwa mdogo, vijana wakawa wanakula ugali wao. Ukapita mtumbwi wa mwalo mwingine, wakaitana, kamba ikarushwa. Hakuna aliyetaja pesa. Nahodha wangu alisema tu, "Tuvuteni kaka, tajiri yetu mtaongea naye." Ile sentensi iligharimu zaidi ya mashine yenyewe.

Asubuhi wakanikabidhi karatasi iliyokatwa kwenye daftari la shule. Petroli lita 60 kwa 3,200, yaani 192,000. Dagaa waliokosa kuvua, ndoo 30 kwa 9,000, yaani 270,000. Posho ya watu wanne, 120,000. Kamba iliyokatika, 18,000. Na mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa, KUOKOA CHOMBO, 600,000. Jumla milioni moja na laki mbili. Mtumbwi wangu wakaufunga kwao, na mashine wakaifungua wakaiweka ndani ya banda.

Kuvuta na kuokoa ni vitu viwili

Anzia hapa, kwa sababu ugomvi wote unatoka hapa. Kuvutwa ni kazi, kama kubebewa mzigo na bodaboda: kuna umbali, kuna mafuta, kuna muda, na bei inalingana na hivyo. Kuokoa chombo ni habari nyingine. Huko malipo yanafuata thamani ya kilichookolewa na ubaya wa hatari iliyokuwepo, ndiyo maana yanapanda haraka. Mwenye kuvuta akishaona mtumbwi mpya na mashine mpya, ulimi wake utateleza kutoka neno la kwanza kwenda la pili. Hata baharini kwa wakubwa ni hivyo hivyo. Ile meli ya Ever Given iliyokwama mfereji wa Suez Machi 2021, mamlaka ya mfereji ilidai dola milioni 916, na ndani yake kulikuwa na dola milioni 300 za zawadi ya uokoaji. Meli ikazuiliwa huko mpaka Julai. Dai likashushwa hadi milioni 550, kisha wakapatana kwa kiasi ambacho hakikutangazwa. Nilipoisikia nikasema, kumbe watu wa mwalo ule walisoma shule moja na hawa.

Marekani nako kuna makampuni yanayouza uanachama wa kuvutwa, kama bima ya gari kuharibika njiani. Wenye maboti wengi wanalipia kwa mwaka wakidhani wamemaliza, kumbe uanachama unagusa kuvutwa tu. Boti ikiwa imepanda mwamba na inaingiza maji, hiyo inahesabiwa uokoaji na bili yake inakuja peke yake. Mahakama za kule zinaangalia mambo matatu: palikuwa na hatari ya kweli, msaada ulitolewa kwa hiari bila mtu kuwa na wajibu nao kabla, na chombo kikafika salama, chote au sehemu yake.

Mimi nimeyapunguza yakawa swali moja la mwaloni. Muulize nahodha wako, na umuulize na yule aliyevuta, kila mmoja peke yake: *kama ile kamba isingekuja, baada ya saa mbili mtumbwi ungekuwa wapi?* Jibu likiwa "palepale kwenye nanga," hiyo ni kuvutwa. Likiwa "juu ya mawe," au "chini," au "tungekuwa tunaelea kwenda Ukerewe bila mashine na wimbi linapanda," basi hapo kuna uokoaji, na usianze kubisha, utajiaibisha. Kwa mtumbwi wangu wote wawili walijibu "kwenye nanga." Yule nahodha wao alikuwa mtu mkweli. Tatizo lilikuwa tajiri wake.

Cha kusema kamba ikiwa bado mkononi

Wafundishe manahodha wako sentensi tatu, na uwasikie wakizisema kabla hujawapa mafuta. Ya kwanza: "Tuko salama, tumetia nanga, tunaomba kuvutwa tu." Ya pili: "Mnatupeleka wapi na ni shilingi ngapi?" Ya tatu: "Nampigia tajiri asikie." Mtandao ukiwepo anapiga kweli na kuweka sauti ya wazi. Usipokuwepo, anarekodi kwa simu yake. Kurekodi sekunde ishirini kunatosha: jina la mwalo wenu na wao, kutoka wapi mpaka wapi, bei, na hali ya maji saa ile. Azungushe kamera aonyeshe ziwa na aonyeshe ndani ya mtumbwi kama maji yapo au hayapo. Mashahidi wa mwaloni wanazidisha urefu wa wimbi kila wanapohadithia, simu haizidishi.

Kama kuna karatasi na kalamu, na siku hizi naweka daftari ndani ya mfuko wa plastiki kwenye kila mtumbwi, maneno yake ni haya:

*Mimi nahodha wa mtumbwi namba ____ naomba kuvutwa kutoka ____ hadi mwalo wa ____ kwa shilingi ____. Bei hii ni ya kuvuta, petroli ikiwa ndani yake. Italipwa tukifika. Tusipofika, tutalipana petroli tu. Hali ikibadilika njiani tukapata hatari, tutaongea upya mbele ya BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo).*

Mstari wa mwisho niliuongeza baadaye. Mwanzoni sikuuona umuhimu wake. Lakini mtu anaweza kuanza kukuvuta kwa bei ya kazi, kisha upepo ukageuka, akawa anahatarisha mtumbwi wake kwa ajili ya wako. Si haki kumrudisha kwenye elfu themanini mliyoongea maji yakiwa yametulia. Na miezi ya Juni mpaka Agosti ule upepo wa kusini haupigi hodi.

Na kama nahodha hataki kuvutwa, aseme hivyo kwa sauti. Mtu aliyekatazwa waziwazi, na sababu ikiwa ya maana, akalazimisha kukufunga kamba, hana dai. Nimesikia vijana wanaosubiri mtumbwi uzime wakimbilie kama nzi. Hao waambie una mwenzako anakuja.

Kuna kitu kimoja hakiongelewi bei hata kidogo, nacho ni watu. Ukikuta mtu majini unamtoa, mengine baadaye. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikikaribia gati la kisiwa cha Ukara, wavuvi walikimbilia na mitumbwi yao. Palepale nani angeuliza nauli? Hata Mkataba wa Kimataifa wa Uokoaji wa mwaka 1989 umeandika kwamba aliyeokolewa roho yake hadaiwi chochote. Ukiona kwenye karatasi ya madai mstari wa "kuokoa watu watatu," ukate bila kuuliza, kisha nunua soda uwape asante.

Kamba yenyewe

Hili ni fupi lakini lina pesa. Mtumbwi unaovutwa ufungwe chini kwenye gongo la mbele, usifungwe kwenye ubao wa kukalia. Ule ubao utang'oka na mbao za pembeni zitafunguka. Kamba iwe ndefu kiasi kwamba mitumbwi yote miwili inapanda wimbi na kushuka pamoja. Ikiwa fupi, mmoja unapanda mwingine unashuka, kamba inakaza ghafla inakatika. Watu wenu wakae nyuma ili pua inyanyuke, mashine iinuliwe, na kisu kiwe karibu. Nataja haya kwa sababu ule mtumbwi wangu ulifika mbao mbili za mbele zimepasuka, wamevuta kwa kamba fupi kwa haraka zao. Anayevuta vibaya akaharibu, uharibifu unatoka kwenye malipo yake. Piga picha ya mbele ya mtumbwi kabla haujavutwa sana mchangani, mtu asije akasema mlipasua wenyewe.

Kuikata ile karatasi

Usilipe asubuhi ileile, na usikatae asubuhi ileile. Mwambie, "Nimepokea, wabeja sana kwa kunisaidia, naomba tukutane saa kumi kwa mwenyekiti wa BMU." Shukuru kwanza. Ni kweli walikusaidia, na mtu aliyeshukuriwa anasikiliza hesabu.

Kisha pitia mstari kwa mstari. Walivuta kwa muda wa saa nne. Mashine yao ni ya HP 15, na ile hata ukiifungua yote inakunywa kama lita 7 kwa saa. Saa nne ni lita 28, yaani 89,600. Hizo lita 60 zilitoka wapi? Ikaonekana walihesabu mafuta yote waliyotoka nayo nyumbani, pamoja na ya kwendea kuvua, ambayo wangeyatumia hata kama mimi nisingezaliwa.

Dagaa. Kukosa kuvua ni hasara ya kweli na usimnyime mtu. Ila inapimwa kwa usiku uleule, si kwa usiku bora wa mwaka. Nilizunguka nikauliza mitumbwi minne iliyovua eneo lile: walileta kati ya ndoo 13 na 17. Nikakubali 15 kwa bei ya asubuhi ile, 135,000. (Ukidaiwa dagaa wa usiku wa mbalamwezi, cheka kwanza ndipo ujibu.)

Posho ya watu wanne ndiyo mstari wenye ujanja. Vijana wa mtumbwi hawalipwi mshahara, wanalipwa mgao wa kilichovuliwa. Nikishalipa dagaa wote waliokosekana, mgao wao umo humo. Nikilipa na posho nimelipa mara mbili, na hiyo posho nina hakika ingeishia kwa tajiri. Nikaifuta. Nahodha wao akatazama pembeni, nikajua hajawahi kuisikia.

Kamba 18,000, sawa, niliiona imekatika. Jumla 242,600.

Halafu ule mstari wa laki sita. Nikawaambia hatari haikuwepo, nahodha wenu mwenyewe amesema tungekuwa kwenye nanga. Lakini saa ya mwisho ya safari upepo uliamka na hawakuniachia mtumbwi. Hilo nalo ni kitu. Na mbao zangu mbili zilizopasuka nikazitaja, nikaziacha mezani kama uzito wa upande wa pili. Tukapatana jumla 350,000, yaani 107,400 juu ya hesabu. Nikatuma kwa simu palepale mbele ya mwenyekiti, maana ujumbe wa muamala una saa, jina na kiasi, ni risiti isiyolowa maji. Kwenye daftari la BMU tukaandika "malipo ya kuvuta, hakuna deni lililobaki," wote tukaweka sahihi. Hayo maneno ya mwisho yasisahaulike. Bila hayo mtu anarudi baada ya mwezi na mstari mpya.

Palipokuwa na hatari kweli, vigezo vya ule mkataba wa 1989 vinasaidia kupanga mawazo: thamani ya kilichookolewa, ukubwa wa hatari, ustadi na juhudi za waokoaji, muda na gharama zao, hatari waliyoingia wao na vyombo vyao, na kama kazi ilifanikiwa. Bila mafanikio hakuna zawadi, na zawadi haizidi thamani ya kilichookolewa. Simaanishi uende mwaloni kumtisha mtu kwa karatasi ya London. Mkataba wenyewe unairuhusu nchi kutoutumia kwenye maji ya bara, kama ziwa letu, pale vyombo vyote vinavyohusika ni vya huko huko. Ninautumia kama mizani tu, na mizani yake si mibaya. Una kifungu ninachokipenda: makubaliano yaliyofanywa mtu akiwa kwenye hatari, kwa masharti ya kuonea, yanaweza kufutwa au kurekebishwa. Kwetu nako Sheria ya Mikataba, Sura 345, inataka ridhaa huru. Ahadi iliyokamuliwa kwa kulazimishwa inaweza kutenguliwa. Kwa hiyo nahodha aliyesema "milioni mbili sawa, tuvute tu" huku mtumbwi unajaa maji, hajakumaliza. Ila jiandae kueleza kwa ushahidi.

Wakishikilia mtumbwi

Mtu akikuokolea mali ana haki ya kutaka uhakika wa kulipwa kabla hujaondoka nayo. Hana haki ya kuifanya yake. Toa uhakika: lipa kile usichobishania, mlete mdhamini anayejulikana mwaloni, muandikiane kinachobaki na tarehe. Kisha dai mtumbwi wako siku hiyohiyo, kwa sababu mbao zikikaa juani zinapasuka na nyavu zikilala kwa watu zinapungua.

Wakikataa hata hapo, usipeleke vijana usiku kwenda kuuchukua. Nenda kwa mwenyekiti wa BMU wa mwalo wao na wa kwenu wakae pamoja; mara nyingi inaishia hapo, kwa sababu mialo inategemeana. Afisa uvuvi ni hatua inayofuata. Mashine ikiwa imefunguliwa na kufichwa, hilo ni la polisi, na Mwanza tuna Polisi Wanamaji. Chukua namba ya RB, ile ya taarifa uliyoandikisha kituoni. Deni lenyewe, la pesa, linasikilizwa Mahakama ya Mwanzo, na huko daftari, video na ujumbe wa muamala vina nguvu kuliko kelele. Chombo kikiwa cha abiria au mizigo, TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, ndio wanaohusika na usajili na usalama wake, na ajali itolewe taarifa kwao. Na kama una bima, wapigie bima kabla hujasaini chochote. Jambo lingine dogo: namba ya mtumbwi wako iwe imeandikwa inasomeka na leseni iwe hai. Ni vigumu kudai mtumbwi ambao kwenye karatasi haupo.

Siku sisi tulipookota

Mwaka jana, Julai, vijana wangu walikuta mtumbwi unaelea bila mtu, unasukumwa na wimbi kuelekea mawe. Watu wake walikuwa wamechukuliwa na boti ya abiria. Nahodha wangu aliruka ndani na kamba kiunoni, na mtumbwi wangu ukagonga jiwe ukapasuka ubavu. Wakauleta wote, na mashine, na nyavu.

Asubuhi nikakuta wameshaanza kugawana. Mmoja ananiambia, "Mama, ziwa limetupa."

Nikamwambia, "Mwanangu, ziwa halitoi mashine yenye namba."

Tuliandika kila kitu, mpaka makasia, tukapeleka BMU na polisi saa ileile. Hilo ndilo lililotupa nguvu ya kudai, kwa sababu aliyeficha hata siku moja anageuka kutoka mwokoaji kuwa mwizi.

Mwenyewe alikuja baada ya siku mbili, kijana wa Kayenze, mtumbwi ukiwa ndio mali yake yote. Kila kitu tulikithamini kama milioni tisa. Huu ulikuwa uokoaji wa wazi, hakubisha. Nikaweka ukarabati wa mtumbwi wangu, petroli, usiku uliopotea, na zawadi ya nahodha aliyeruka. Tukafika milioni moja. Vijana wangu walitaka tatu. Lakini mtu asiye na kitu ukimwandikia tatu, unapata tatu za karatasi. Alilipa laki nne palepale kwa mkopo wa dada yake, tukaandikiana laki sita zilizobaki kwa awamu tatu, akachukua mtumbwi akaenda kuvua, maana bila mtumbwi angelipa na nini?

Awamu mbili zimeingia. Laki mbili bado. Tukikutana soko la samaki Kirumba ananiamkia kwa sauti kuliko watu wote, "Shikamoo Mama Kulwa!", kisha anapotea katikati ya magunia ya dagaa kabla sijamalizia marahaba.